Sweta la Sikudhani

"Vua, mwanangu," alisema Bi Ornella, Mwitaliano mbunifu wa masweta, akinyoosha mkono.

Sikudhani, mchumba wa mwanawe Fulvio, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Kumbe Fulvio hakuwa akitania njiani: kila anayeingia katika familia hii hufumuliwa sweta lake, na uzi wake hufumwa kwenye blanketi kubwa la nyumba.

Akalivua. Bi Ornella akatafuta ncha, akavuta. Baba mkwe, mchongaji, aliweka patasi chini ili atazame. Mkono wa kushoto wa sweta ulizidi kufupika.

Begani uzi ukakwama. Bi Ornella akaliinua sweta dirishani, akatazama kwa makini. Unywele mmoja mweupe ulikuwa umefumwa pamoja na sufu.

"Mvi hii ya nani?"

"Ya mama. Alilifuma akiwa mgonjwa. Hakufuma jingine."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa mtanikataa."

Bi Ornella akamwekea ncha ya uzi kiganjani. "Basi shika wewe. Ukitaka vuta, ukitaka acha."

Sikudhani akaishika. Hakuna aliyesogea. Sweta lenye mkono mmoja lilining'inia kati yao, likizunguka polepole.