Saa Sita Kamili

Katika mashindano ya kurusha gogo, gogo lazima lipinduke hewani, ncha ya juu itangulie chini, na likianguka limenyooka mbele ya mrushaji, kama mshale wa saa unapoonyesha saa sita, hakuna wa kumshinda. Shekue alikuwa amepata saa saba, kando kidogo tu. Mabruki aliporusha, mwamuzi Tunzo alikuwa nyuma yake, lakini vumbi lilimwingia machoni. Alipoyafumbua, gogo lilikuwa limeshabingirika.

"Saa ngapi, mwamuzi?" watu wakapiga kelele.

Akaona haya kusema hakuona. "Saa sita kamili!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Mabruki akamsogelea, hana furaha. "Dada, lilikwenda upande. Ile ilikuwa saa nane."

Tunzo akainamisha uso. Shekue, aliyeamini ameshindwa kihalali, alikuwa anakuja kumshukuru, mkono ameshaunyoosha. Tunzo akaupangusa wake kwenye sketi, akaupangusa tena.