Moto wa Baba

Siku hizo kila aliyekufa alilazwa ndani ya sanduku la kioo, na hewa iliyotoka mwilini mwake ikapelekwa jikoni kwao, iwapikie waliobaki.

Nyamizi alipoona tumbo la baba yake linapanda, alipiga ukelele. "Shangazi, anapumua!"

"Kaka yangu hapumui, mwanangu," shangazi yake akamwambia taratibu. "Vijidudu vilivyoishi tumboni mwake, kama vinavyoishi tumboni mwetu sote, havijafa. Sasa vinamla yeye na kutoa hewa, ndiyo maana anavimba."

Nyamizi akawasha jiko. Moto wa buluu ukawaka, umetulia, mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona, naye akabaki ameukodolea macho huku machozi yakimtoka. Uji ulipoiva alimnywesha mwanawe. Kisha akasikia tumbo lake mwenyewe likinguruma, akaliwekea mkono, asithubutu kusogea.