Fundi wa Vitasa

"Yule fundi wa vitasa ameniua!" alisema msusi, akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

Mwandishi alitabasamu, kama mtu aliyesifiwa kwa shati la kuazima. Katika kitabu chake mlikuwa na dereva, muuza maua, na mume aliyeteleza kidogo nje ya ndoa. Fundi wa vitasa hakuwamo.

"Fundi gani, dada?"

"Ajifanya hajui! Si yule anayekuja mwishoni, mume akiwa kazini? Mume anarudi, ufunguo haugeuki. Anabisha kwake mwenyewe kama mgeni. Mke yuko ndani: 'Nani?' 'Ni mimi, mumeo.' Mke anamjibu: 'Mume wangu ana ufunguo wake.' Basi, kitabu kimekwisha!" Msusi alipiga makofi, na mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele naye akapiga. "Wanaume mkiandika, sisi kazi yetu kusamehe tu. Wewe umetutendea haki."

"Hebu nikione."

"Kitoke wapi? Kimeazimwa, na aliyekiazima amekiazimisha."

Mkobani mwa mwandishi pia hamkuwa na kitabu hata kimoja. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, vilikwisha kabla jua halijawa kali.

Alikuwa akijichapishia mwenyewe na kutembeza mwenyewe, maofisini, gereji, saluni. Vya mwanzo watu walimwambia "pita kesho", na kesho yake wakamwambia hivyo hivyo. Vilivyobaki vilitegemeza kitanda upande uliovunjika mguu. Hiki kipya kiligombaniwa. Alidhani nyota yake imewaka hatimaye; kumbe alikuwa akipongezwa kwa mtoto wa mwenzake.

Maana mwisho aliouandika yeye ulikuwa mwingine kabisa. Mke anamsamehe mume, anamwekea maji ya kuoga, mvua inaanza kunyesha. Aliuandika huku machozi yakimtoka.

Tatizo ni kwamba hakuwa na mazoea ya kusoma kitabu chake kikishatoka. Cha kwanza alikisoma, akakuta kosa kwenye mstari wa kwanza, akakosa usingizi siku nyingi. Tangu hapo akaapa. "Kitabu kikishachapwa," husema, "ni kama binti aliyekwisha kuolewa. Baba hamfuati chumbani."

Hata mkewe, ambaye ndiye aliyeuhamisha mwandiko wake wa mkono kwenye kompyuta, alimuuliza mara kadhaa, "Umeshakisoma?"

"Mimi ndiye niliyepika, nionje nini tena?"

"Haya," alisema mkewe.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yote ile ya kuchapa, alisimama mara moja tu, kwenye ukurasa wa kutabaruku. "Umeandika 'Kwa Kipepeo'. Kipepeo ndiye nani?"

"Mambo ya kisanaa hayo, mama. Kila mwandishi ana kipepeo wake."

"Haya."

Nakala ya kwanza mwandishi aliipeleka kwenye duka la miwani, akamkabidhi Kipepeo mwenyewe, imesainiwa kwa wino mwekundu.

Asubuhi ya siku hiyo pia mkewe aliuliza jambo ambalo si kawaida yake kuuliza. "Leo utarudi saa ngapi?"

"Mchana, vikiisha."

"Haya."

Kutoka saluni alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha uchapaji. Mchapaji, rafiki yake wa miaka, alikuwa ameinamia mashine, mikono myeusi kwa wino.

"Umenisaliti! Nani amekununua ukibadilishe kitabu changu?"

Mchapaji alijifuta mikono kwa tambara. "Punguza moto, kaka. Nimechapa kilichokuwamo kwenye flashi, neno kwa neno."

"Hiyo flashi ilipita mikononi mwa nani?"

"Aliileta shemeji."

"Usimtie mke wangu humu! Yule hajui kutunga hata salamu za kadi."

"Mimi simtii mtu mahali. Lakini sampuli ulisaini wewe, hapo hapo uliposimama. Nikakuambia, soma kwanza. Ukasema baba hamfuati binti chumbani." Mchapaji aliiwasha mashine tena. "Ulitaka nimfuate mimi?"

Mwandishi alitoka akaubamiza mlango.

Njia nzima alikuwa akiwahesabu wasaliti wake. Mchapaji, tena aliyekula naye sahani moja. Wasomaji waliompigia makofi wakati ameibiwa. Hata ile mashine ya kuchapia aliiona ina hila. Duniani alikuwa amebakiwa na mtu mmoja wa kumwegemea. Angefika, angemweleza yote, naye angesema haya, kisha wangekaa wote mezani wauandike upya ule mwisho, maji ya kuoga na mvua yake.

Ngazini alipishana na mtu aliyekuwa akishuka na mkoba wa vyuma, anajipangusa unga wa mbao magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu bila kumtazama.

Alifika mlangoni kwake, akachomeka ufunguo. Haukugeuka. Akauchomoa, akaupuliza, akaufuta kwenye suruali, akauchomeka tena. Wapi. Akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, mumeo. Fungua upesi, wamenisaliti!"

Kandambili zilikuja mpaka karibu na mlango, zikasimama.

"Mume wangu," sauti ilisema polepole, kama ya mtu anayesoma, "ana ufunguo wake."