Jua Nyuma ya Farasi

Salha hakwenda kwa Bi Kirembo, mpiga ramli, kutafuta mume. Alikwenda ili karata zimkatalie, apate la kumwambia Maulidi, fundi viatu wa kichochoro kilekile cha Bi Kirembo, aliyekuwa akingoja jibu la posa.

Bi Kirembo alizitandaza karata zake za ramli juu ya mkeka, akamwambia afunue moja kwa mkono wake mwenyewe. Salha akafunua: mifupa mitupu imepanda farasi mweupe. Karata ya Mauti.

"Basi nimeshajibiwa," akasema, huku akiinuka.

"Keti, mwanangu. Huyu hajaja kuzika mtu. Huja kuchukua kilichokwisha." Bi Kirembo akamtazama alivyojitanda. "Ulipotoka eda ya marehemu mumeo, shuka jeupe la eda ulimpa nani?"

Salha akashika pindo la shuka. Desturi ilikuwa kuligawa siku ileile, naye, miaka imepita, bado alikuwa amejitanda lilelile.

"Kila mtu huitazama mifupa," Bi Kirembo akaendelea, akiondoa kidole gumba pembeni mwa karata. "Hebu tazama nyuma ya farasi."

Palikuwa na jua dogo, limefifia kwa kushikwashikwa, likichomoza kati ya minara miwili.

Salha akacheka, kicheko alichokuwa amekisahau hata mwenyewe. Akamwomba Bi Kirembo kanga ya kuazima, ya manjano. Shuka jeupe likabaki msumarini ukutani kwa Bi Kirembo, naye akatoka nje kichochoroni amejitanda manjano. Na kule mbele, nyundo ya fundi viatu ikanyamaza.