Anatakiwa Mtu Mmoja

Wilbert aliisugua barua kwenye vumbi, akaikunja mara nne, akaikalia kidogo, ili ionekane imetoka mbali, kwa mjomba wake Kamugisha wa Temeke. Kumbe ilitoka nyuma ya choo chao, alikoiandika asubuhi ile kwa penseli ya kuazima.

Chanika ya mwaka arobaini na nane, tangu shamba la mkonge lifungwe, hata mbwa walikuwa wakihama kwa zamu. Baba yake alitangulia. Aliahidi kurudi Pasaka, asiseme ya mwaka gani. Sasa Bandali naye anafunga duka. Lori lake lingeondoka Jumatatu alfajiri, safari ya mwisho. Wilbert alikuwa na miaka kumi na saba na miguu ilikuwa inamwasha.

Kikwazo kilikuwa bibi, mama yake baba. Hakuweza tena kusimama. Lazima mtu abaki naye.

Akamsomea barua mama yake, Felicitas, ambaye yeye Wilbert hakuwahi kumwona ameshika hata kitabu cha sala.

"Dada, huku kuna kazi ya kufua na kupiga pasi. Anatakiwa mtu mmoja wa nyumba hiyo, upesi."

Jina lake hakulitia. Angelitia, mama angeshtuka. Kwa ujanja huo alijipongeza mchana kutwa.

"Hebu isome tena," mama alisema.

Akaisoma.

"Kwani wewe pasi unaijua?"

"Si nitajifunza, mama."

"Na bibi yako?"

"Atabaki na mtu," alijibu Wilbert, macho chini.

"Kweli," mama alikubali. "Atabaki na mtu."

Kule kitandani bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mume wangu huyu ana mipango!"

Siku tatu Wilbert hakutulia. Anakaa, anainuka, anakwenda barabarani kulitazama lori ambalo hata kupakiwa bado. Mama yeye alifua, akakunja, akafunga sanduku la bati, akachoma mihogo ya njiani. Jumapili akamfundisha kukoroga uji wa bibi.

"Mwanamume ajue kupika," alisema. "Huwezi kujua utaishi na nani."

Wilbert akakoroga, akiiona Temeke ndani ya sufuria.

Honi ndiyo iliyomwamsha. Akakurupuka, akavaa suruali yake ndefu ya kwanza, akapapasa chini ya kitanda. Sanduku halipo. Akatoka mbio mpaka barabarani; vumbi la lori lilikuwa linatua.

Aliporudi, bibi alimnyooshea ile barua. Nyuma ya karatasi palikuwa na mwandiko ulionyooka kuliko wake:

"Mwanangu, kazi hiyo kama haipo, nitaitafuta. Uji wa bibi usiwe wa moto sana. Nitarudi Pasaka."