Mbuzi wa Shemeji

Mbuzi alikata kamba zizini kwa shemeji, akaja mbio hadi miguuni pa Mbeyu, mbele ya karani wa msaada na mzee wa kijiji.

"Mama, huyu ni wako?" karani aliuliza.

Mwenye mnyama hapewi msaada. Kikoneni nzima ililijua hilo, na ndiyo maana alfajiri Mbeyu alikuwa amempeleka mbuzi wake akafichwe kwa ndugu wa marehemu mumewe.

Chuchu za mbuzi zilikuwa zimejaa hadi zinang'aa. Tone la maziwa lilidondoka vumbini. Ndani ya nyumba, mapacha wa Mbeyu walikuwa wakilia. Maziwa hayo yaliwaweka hai, kuwashibisha hayakuweza.

"Si wangu," Mbeyu alisema.

"Ni wangu mimi," shemeji alidakia, akamkamata mbuzi pembe. "Hasikii, utadhani nimemlea kwa wali."

Watu walicheka. Mbeyu naye alicheka, maana ndivyo walivyokuwa wamepatana.

"Haya mama, jina lako nimeliandika," karani alisema. "Sasa utangoja simu."

Shemeji alimgeukia mzee wa kijiji, uso wote tabasamu. "Wageni wangu hawaondoki na njaa. Leo mtakula nyama." Kisha alimtazama Mbeyu. "Au una neno, shemeji?"

Karani alikuwa bado hajafunika kalamu.

"Sina," Mbeyu alijibu.

"Basi njoo unishikie miguu ya mbuzi."

Kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa. Mbeyu alipiga magoti, akaishika.