Bakuli la Mama Ng'ombe

Alikuwepo Nguchiro mmoja, bingwa wa kuua nyoka, ambaye hakupenda kupokea chochote cha bure. Hata sala zake alizianza kwa kumtajia Mungu nyoka aliowaua.

Siku moja aliteguka mguu, akawa halali wala hawindi, na watoto wake wakashinda njaa. Jirani yake, Mama Ng'ombe, akamletea maziwa katika bakuli pekee alilokuwa nalo.

Nguchiro alishukuru, lakini hakuyagusa. Alijua bakuli la jirani halirudi tupu, naye hakuwa na cha kutia ndani. Akalifunika kwa jani, akawaambia watoto wasubiri.

Siku ya tatu Mama Ng'ombe akapiga hodi. Akakuta maziwa yamechacha na watoto wamelegea.

"Mwanangu, mbona hamkunywa?"

"Sina cha kukurudishia, mama. Nikipona nitaua nyoka zizini kwako, ndipo tunywe kwa haki."

"Siku tatu kiwele kinaniuma kwa kujaa," akasema Mama Ng'ombe. "Wewe ulidhani nangoja bakuli lirudi na kitu. Nilikuwa nangoja lirudi tupu, nipate pa kutilia."

Nguchiro akainamisha kichwa. Akamwaga yaliyochacha, akampa bakuli tupu kwa mikono miwili. Likajaa palepale, na watoto wakanywa hadi wakaota masharubu meupe.

Jioni ile Nguchiro alipiga magoti kwa shida. Hakutaja nyoka hata mmoja. Alikunjua viganja vyake vitupu, akasema, "Baba, ni mimi," kisha akangoja.